Kimya cha Njia ya Kempton

Baba aliniuliza swali la maisha yangu tukiwa garini nyuma ya lori la takataka, kwenye njia ya kwenda Kempton kwenye mbio za farasi, huku shangazi Nusra akitafuta kifuniko cha chupa ya kahawa chini ya kiti.

"Mardhiya," alisema, macho yake barabarani. "Munir nimeshazungumza naye. Anaacha kazi ya farasi. Mwezi ujao anaingia warehouse ya rafiki yangu Pravin, hapo hapo kwetu Hayes. Kwa hali hiyo mie sina tena kipingamizi. Nataka nimpe jibu lake leo leo. Wewe wasemaje?"

Sikusema kitu.

Wanaonijua watashangaa. Mimi kazi yangu ni mapokezi kwa daktari wa meno, kutwa nasema, na nikirudi nyumbani nasema tena. Lakini wakati ule maneno yalinikimbia. Munir aache farasi? Kasema lini? Mbona mimi sijui? Maswali yalikuja kwa pamoja yakabanana mlangoni, hata moja lisitoke. Kabla sijapata la kuanzia, shangazi aliinuka na kifuniko chake mkononi, akanitazama kwenye kioo, akaachia kigelegele kilichomfanya baba akanyage breki.

"Nusra! Utatuua!"

"Si kanyamaza? Mtoto kanyamaza, Abdulsamad! Mwari akinyamaza kasharidhia!"

"Alhamdulillahi," alisema baba, na lori likakata kushoto, tukaendelea na safari.

Kwetu ndivyo ilivyo. Msichana akiulizwa na baba yake kama anamtaka mume, hajibu. Akijibu upesi ataambiwa hana haya. Huinamisha kichwa, hunyamaza, na kimya chake ndiyo idhini yake. Kwa hiyo mimi niliyepigwa na butwaa nyuma ya lori la takataka nilikuwa tayari nimeshaposwa, na shangazi alikwishaanza kuhesabu kanga za sare.

Nieleze kidogo. Washenga wa Munir, ami yake na mama yake, walitoka Stratford wakaja kwetu na sinia la halua. Baba aliwakirimu vizuri, ila jibu hakutoa. Alisema mtu haozeshi binti kwa sifa za washenga. Kijana huuliziwa msikitini, huuliziwa kwa majirani, na yeye mwenyewe atakwenda kumwona kazini. Msikitini alisifiwa. Majirani walimsifu. Tatizo lilikuwa hiyo kazi. Munir ni mtunzaji wa farasi wa mashindano. Anawalisha, anawasugua, anawasafisha kwato, na siku ya mbio anawashika hatamu na kuwazungusha mbele ya watu. Na kwa baba, mbio za farasi ni kamari yenye miguu minne.

"Binti yangu hatolishwa kwa pesa ya kamari," alisema usiku ule washenga walipoondoka. Halua hakuigusa, na halua ndiyo udhaifu wake.

Mimi nilimpenda Munir pamoja na kazi yake, wala sikuona haja ya kuvitenganisha. Kila tulipokutana alikuwa ameoga kwa sabuni tatu na kujimiminia udi, na bado chini ya udi kulikuwa na harufu ya majani makavu na ngozi ya mnyama. Alidhani siisikii. Niliisikia na niliipenda, na siku aliyokuja bila koti lake nilihisi kama kuna kitu kimepungua.

Kempton baridi ilikuwa ya Januari hasa, ile inayoingia kwenye meno. Shangazi alivaa makoti mawili juu ya baibui. Mlangoni kulikuwa na safu ya wachukua dau wamesimama na mbao zao za taa, na mmoja wao, mzee wa Kizungu mwenye pua nyekundu, akamwinamia shangazi kwa adabu.

"Which one d'you fancy, love?"

"Anasemaje huyu?"

"Anauliza farasi gani umempenda."

"Mwambie sikuja kwa farasi. Nimekuja kumtazama mkwe."

Baba hakucheka. Alituzungusha njia ndefu nyuma ya choo ili asipite mbele ya wale watu, kisha akasema adhuhuri imeingia, atakwenda kuswali pale kwenye gari. Shangazi akafuatana naye. Nikapata nafasi niliyokuwa nikiiomba tangu kwenye gari.

Nilimkuta Munir kwenye uwanja mdogo wa nyuma, ambako farasi huzungushwa kabla hawajavishwa tandiko. Alikuwa na jike mwekundu wa rangi ya tangawizi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Jina lake la vitabuni ni Ginger Teapot, na shangazi tangu asikie kuwa teapot ni buli alimwita Buli, na jina likashika. Munir aliponiona aliinua macho, na kama kawaida yake alitabasamu kwanza kwa macho, mdomo ukafuata baadaye. Siku nyingine tabasamu lile lilinitosha kwa wiki nzima. Siku hiyo lilinitia hasira.

"Umeacha kazi?"

"Waalaikumu salaam na wewe."

"Munir!"

"Taratibu, usimtishe." Alimsimamisha Buli upande wangu wa uzio, akampapasa shingo. "Kumbe amekwambia. Nilitaka nikwambie mimi."

"Lini? Baada ya harusi?"

"Leo. Baada ya mbio. Baba yako alinipigia Jumapili, Mardhiya. Akaniambia kwa upole kabisa, 'Kijana, chagua: farasi au binti yangu.' Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningempigia simu huyo binti."

Buli alinyoosha pua akaninusa mkono wa koti.

"Nilidhani utafurahi," alisema Munir.

"Nifurahi nini? Kwenda kupanga maboksi kwa Pravin?"

"Kazi ni kazi. Watu kibao wanafanya kazi wasizozipenda na wanalea watoto wao. Mie nakutaka wewe. Nimeshapima, nimeona wewe una uzito zaidi. Kosa langu liko wapi?"

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya mchele, na ndiyo iliyonichoma zaidi. Nilitamani kumkumbatia na nilitamani kumpiga.

"Kosa lako ni hili," nikamwambia. "Utaingia huko asubuhi, utarudi jioni, utakaa dirishani unatazama maegesho ya magari. Mwaka wa kwanza utanyamaza. Mwaka wa pili tutagombana kwa jambo dogo tu, chumvi imezidi, na utasema, 'Mie kwa ajili yako niliacha.'"

"Sitasema."

"Utafikiri."

Hakukataa. Munir hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa kumpumzisha mtu.

"Na mimi nimeshaulizwa," nikaendelea. "Kwenye gari. Nikashindwa kusema, nikanyamaza."

Uso wake ukafunguka wote. "Umenyamaza?"

"Si kimya hicho! Nilinyamaza kwa mshtuko, na shangazi keshapiga kigelegele."

"Basi sema unataka nini," alisema, na sasa sauti yake ilianza kutetemeka. "Ukimwambia baba yako kimya kile si ndiyo, atarudi kwenye neno lake la kwanza. Nikibaki na farasi sikupati. Nikiwaacha, hunitaki. Mie nisimame wapi, Mardhiya?"

Kabla sijajibu mtu mmoja aliita farasi waingie, na Munir akamgeuza Buli, akaondoka naye bila kuaga. Nilimtazama mgongo wake mpaka alipopita kwenye mlango.

Baba na shangazi walirudi wakanikuta kwenye uzio wa uwanja wa maonyesho, pale watazamaji wanaposimama kuwakagua farasi. Nilifuta macho, nikasingizia baridi. Farasi tisa walikuwa wakizunguka, na Munir alipofika mbele yetu alimwamkia baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Farasi wako ndiye huyu?"

"Ndiye. Leo ni novice hurdle, mzee, mbio za wanagenzi. Hawa wote hawajawahi kushinda mbio za viunzi. Wengine ndiyo mara yao ya kwanza kuviruka mbele za watu." Alikwenda raundi nzima, akarudi, akaendelea pale pale alipoachia. "Yule mweusi mkubwa ana mbio kuliko wote. Akikimbia bapa, pasipo viunzi, hakamatiki. Ila viunzi hapendi, kila akikifikia anapunguza. Yule wa kijivu anaruka vizuri sana, tatizo lake pumzi. Mwishoni huchoka."

Baba alikuwa amesema hatotazama farasi. Alisema alikuja kutazama mtu. Lakini nilimwona anavyomfuata yule wa kijivu kwa macho, toka mabega mpaka mapaja.

"Kifua chembamba," alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

Shangazi alinigusa kwa kiwiko.

"Na huyu wako?" baba akauliza Munir alipozunguka tena.

"Buli ni mara yake ya kwanza leo. Nyumbani anaruka kila kitu, ila anaruka juu mno, kama anavuka ukuta. Anapoteza muda hewani. Na akiona kiunzi anakuwa na pupa. Leo akimaliza wa tano, mie nitafurahi. Ni mtoto bado. Mwakani, mifupa yake ikishakomaa, inshallah nita..."

Alikatika hapo hapo. Mwakani yeye atakuwa kwa Pravin. Aliinamisha kichwa, akaenda na farasi wake, na raundi iliyofuata hakusema kitu zaidi ya kumnong'oneza Buli sikioni.

Baba aliliona. Baba haoni nguo mpya, haoni chumba kikifagiliwa, lakini lile aliliona.

Mbio ni za maili mbili na viunzi vinane. Walitoka kwa pamoja wakiwa wamebanana, udongo ukiruka nyuma yao, na ardhi tuliyosimamia tuliisikia ikitetema chini ya viatu. Yule mweusi alichukua mbele. Kila kiunzi alikivuka kwa shingo upande, na kila akitua alikuwa amepunguza hatua, kisha anawapita tena wenzake kwa mbio tupu. Buli alikuwa katikati. Kiunzi cha kwanza alikiruka juu kiasi kwamba watu walicheka. Cha pili pia. Cha tatu akakiruka sawasawa, na shangazi akapiga kofi.

"Kajifunza! Mwamwona? Kajifunza njiani!"

Munir alikuwa chini kwenye uzio wa mbele, kamba yake mkononi, hatikisiki. Walipoingia kona ya mwisho Buli alikuwa wa nne, halafu wa tatu, na yule wa kijivu alikuwa amekwisha pumzi kama tulivyoambiwa. Watu walianza kupiga kelele. Hata mimi nilipiga kelele, mimi niliyeapa kuwa moyo wangu umekufa. Zilibaki hatua chache kufika kiunzi cha mwisho.

Pupa yake ikamponza. Aliruka mapema, mbali mno, akakigonga kwa miguu ya mbele. Akapiga magoti, akaanguka kwa ubavu, na mpandaji akarushwa mbele kwenye majani.

Mbele kule yule mweusi alishinda. Watu wote waligeuza shingo kumtazama, isipokuwa sisi watatu. Munir alishapita chini ya uzio akawa anakimbia. Mpandaji aliinuka mwenyewe, akavua kofia na kupunga mkono kwamba hana neno. Buli naye aliinuka, hatamu zikining'inia, akitetemeka mwili mzima, macho yametoka.

Nilidhani Munir atamrukia amshike. Hakufanya hivyo. Alipomkaribia aliacha kukimbia. Alimpa ubavu, akatazama pembeni kama mtu anayesubiri basi, akaanza kutembea polepole kuelekea upande mwingine. Akasimama. Buli alimtazama. Akapiga hatua moja, kisha nyingine, akamfuata, na alipomfikia akaushindilia uso wake wote kwenye koti la Munir. Ndipo alipomshika hatamu, akainama, akaanza kumpapasa mguu mmoja mmoja mpaka chini.

Baba alikuwa ameushika uzio kwa mikono miwili.

"Mzima?" aliuliza. "Mguu mzima?"

"Anatembea, baba. Mzima."

"Alhamdulillahi." Hakuuachia uzio.

Munir alimrudisha Buli akitembea naye bega kwa bega, wakawa wanazunguka kwenye sehemu ya kupozea, mvuke ukimtoka farasi mgongoni. Tulisogea mpaka pale. Nilijua nisiposema wakati ule sitasema tena, na baba atatoa jibu lake, na Munir ataingia kwa Pravin kwa sababu ya kimya changu. Na nikisema nitampoteza kabisa. Lakini mdomo, namshukuru Mungu, ulikumbuka kazi yake.

"Baba. Kwenye gari uliniuliza, nikanyamaza. Kile hakikuwa kimya cha ndiyo."

Shangazi alishika kifua. "Astaghfirullah! Na kigelegele changu?"

"Nisamehe, shangazi."

"Kilikuwa kimya cha nini?" baba aliuliza.

"Cha hasira. Nilikuwa sijui kama umemwambia aache farasi. Mimi washenga walinijia na mtu wa farasi, nikamkubali moyoni. Huyu wa maboksi simjui. Simtaki."

"Wajua unachofanya? Mie nimekubali kwa sharti. Ukiliondoa sharti, narudi kwenye neno langu la kwanza. Humpati."

"Najua, baba."

"Na bado waniambia hivyo hivyo?"

"Bora nimkose mzima kuliko nimpate nusu." Nilianza kulia, na sikusingizia baridi. "Nampenda, baba. Ndiyo maana."

Neno hilo halisemwi mbele ya baba. Shangazi alijifunika uso kwa ukingo wa mtandio. Baba alitazama kando, akamtazama Buli akizunguka.

Shangazi ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo. "Abdulsamad. Mwambie mtoto habari ya Usiniguse."

"Ya nini hayo?"

"Mwambie. Kama humwambii, mie nitamwambia."

Baba alikohoa. Kwao Pujini, Pemba, kuna mchezo wa ng'ombe. Dume hutolewa uwanjani, vijana humchezea kwa kitambaa, wanawake huimba, na jioni dume hurudi zizini kula majani yake, kwani hauawi. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba baba alikuwa na dume lake mwenyewe, alilolilea toka ndama, jina lake Usiniguse.

"Hakuna aliyeweza kumshika ila mie," alisema. "Akishapandwa na hasira watu wote wanakimbia. Mie nampa ubavu. Natazama kwengine. Natembea. Ananifuata." Alinyoosha kidevu kuelekea kwa Munir. "Vile vile. Sikumfundisha mtu, na yule kijana kazaliwa hapa hapa London. Kayajulia wapi?"

Aliendelea bila kungoja jibu.

"Tulipoondoka Pemba nilimwachia jirani. Ilikuwa asubuhi, gari linangoja. Sikwenda hata zizini kumuaga. Niliona haya kumlilia ng'ombe."

"Mpaka leo akipandwa na homa analiita jina lake," shangazi aliniambia. "Mie ndiye ninayekaa naye, nasikia."

"Nusra, basi."

Munir alifika upande wetu na Buli, akasimama. Alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Alinitazama mimi kwanza, akaona machozi, kisha akamtazama baba kama mtu anayesubiri hukumu.

"Mzee, nasikitika mmeona siku mbaya. Jumatatu nitakwenda kuonana na Bwana Pravin, kama nilivyoahidi."

"Hutokwenda," alisema baba. "Nitampigia mwenyewe nimwambie atafute mtu mwengine. Watu wote hapa walikuwa wakitazama nani wa kwanza. Wewe ulikuwa ukitazama miguu." Akainua kidole. "Kamari bado siipendi, usije ukafikiri nimegeuka. Kucheza dau unacheza?"

"Sijawahi, mzee. Wallahi."

"Basi mie nitamuuliza sheikh, mshahara wa mtu anayelisha mnyama uko vipi. Atakalosema tutalifuata."

"Sheikh yupi?" aliuliza shangazi haraka.

"Sheikh Riyadh."

Hapo nilipumua. Baba ana masheikh wawili. Kuna yule wa Stratford, ambaye humwendea akitaka jambo likatazwe, na kuna Sheikh Riyadh, ambaye humwendea akishaamua kuliruhusu.

Baba akanigeukia. "Mardhiya. Nakuuliza upya. Huyu wa farasi, wasemaje?"

Niliinamisha kichwa. Mara hii nilinyamaza kwa furaha, kimya kamili cha mwari kama nilivyofundishwa, na kwa pembe ya jicho nikamwona shangazi akijaza kifua hewa.

"Ngoja, Nusra." Baba aliinua mkono. "Mie na kimya cha mtoto huyu hatuelewani. Sema kwa mdomo wako."

"Baba, mbele yake?"

"Mbele yake."

Nilimtazama Munir, matope na yote.

"Namtaka, baba. Namtaka na harufu yake."

Munir aliganda. Akainusa mikono ya koti lake, kwanza mmoja, kisha wa pili, na masikio yakamgeuka rangi. Kisha alicheka, macho kwanza, mdomo baadaye, na nikajua sabuni mbili kati ya zile tatu zimeshapata likizo. Shangazi alifungua kinywa kuachia kigelegele chake, na Munir akanyoosha mkono wote.

"Shangazi, nakuomba! Buli ameshashtuka vya kutosha leo."

Kwa hiyo shangazi Nusra alikimeza. Alikibeba mpaka kwenye maegesho, mkono mdomoni, akitembea mbio mbele yetu kama mtu anayetafuta choo. Tuliingia kwenye gari, milango ikafungwa, madirisha yakiwa juu, na hapo akakiachia, kimoja, cha pili, cha tatu, vioo vikatetemeka.

Baba aliwasha gari. Kisha akabonyeza kitufe cha mlangoni kwake, na madirisha yote manne yakashuka.